Vipimo vya volti katika ukarabati wa redio za mkononi

Kipimo cha volti ni tofauti ya nguvu ya umeme kati ya nukta mbili za saketi, na mafundi wa redio hukipata kwa multimita. Mara nyingi namba inayoonekana hailingani na iliyotarajiwa ingawa vipuri ni vizima. Fundi asiyejua sababu anaweza kung'oa transista nzima, na mteja akalipia kipuri ambacho hakikuhitajika.

Chanzo cha kawaida ni betri. Betri kavu nne za volti 1.5 hutoa jumla ya volti 6. Zinapochoka, ukinzani wake wa ndani huongezeka. Redio ikiwa imezimwa karibu hakuna mkondo unaopita, hivyo multimita huweza kuonyesha volti 5.8 kana kwamba betri ni nzuri. Redio ikiwashwa na kuvuta miliampia 50, ukinzani wa ndani wa ohmu 40 hupunguza volti 2, zikabaki 3.8 tu. Redio ya namna hiyo husikika sauti ikiwa chini, lakini hukoroma ikiongezwa. Kwa hiyo betri hupimwa redio ikiwa inalia.

Paneli ndogo za sola hudanganya vivyo hivyo, na kwa hasara kubwa zaidi. Mtu wa kijiji cha jirani na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama mkoani Shinyanga, akipima juani paneli inayoitwa ya volti 12 bila kuiunganisha na chochote, ataona volti 20 hivi. Paneli si mbovu. Hiyo ndiyo volti yake isipobebeshwa mzigo. Ikiunganishwa moja kwa moja na redio ya volti 6 inaweza kuiunguza.

Multimita yenyewe pia hubadilisha saketi inayopimwa. Vikinza viwili vya kiloohmu 100 vikigawana volti 6, katikati huwa na volti 3. Mita ya mshale yenye ukinzani wa kiloohmu 20 itaonyesha chini ya volti 1, ilhali ya dijitali yenye megaohmu 10 itaonyesha karibu 3 kamili. Michoro mingi ya zamani ilitaja aina ya mita iliyotumika kwa sababu hiyo.

Redio nyingi za kale zenye transista za PNP za gerimani ziliunganisha ncha chanya ya betri na ardhi ya saketi. Humo alama ya kutoa mbele ya namba si hitilafu.