Amplifaya za gitaa: ipi itauzika Dodoma?

MFANYABIASHARA anayetaka kuweka fedha katika amplifaya za gitaa zilizotumika, kutoka Ulaya au Marekani, asidanganywe na idadi ya wati. Mteja hununua sauti, na mashine mbili za wati 100 zaweza kuachana mbali.

Katika amplifaya kali, valvu ndogo za mwanzo hukuza mawimbi ya gitaa hatua kwa hatua hadi yanakatwa vichwa. Hapo ndipo mkwaruzo unapozaliwa. Marshall JCM800 ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1981 na valvu za EL34, ina sauti ya kati iliyo wazi. Solo husikika hata ngoma zikiunguruma. Dual Rectifier ya Mesa/Boogie, ya California ya miaka ya 1990, ina besi nzito na mkwaruzo mnene. Peavey 5150 ya mwaka 1992, iliyobuniwa pamoja na Eddie Van Halen, hubana na kukata zaidi. Baadaye iliitwa 6505.

Sasa tuje sokoni kwetu. Wanunuzi ni kwaya, kumbi za harusi na bendi za dansi. Katika dansi magitaa mawili au matatu husokotana, na kila noti hutakiwa isikike. Ukizidisha mkwaruzo yanakuwa uji. (Si kwamba Mgogo haujui mkwaruzo: ilimba yake ina tundu lenye utando wa buibui, makusudi ivume.) Kwa hiyo Roland JC-120, mashine safi ya transista iliyoanza mwaka 1975, itatoka dukani mapema kuliko hizo tatu. Kati ya hizo tatu ningechagua Marshall, kwa kuwa ukipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe inatakata.

Hasara kubwa haiko kwenye sauti bali kwenye umeme. Mashine ya soko la Marekani hutaka volti 120, nasi tuna 230. Ukiichomeka moja kwa moja imeungua. Soma kibao cha nyuma kabla ya kulipa, na kama ni ya 120 ongeza gharama ya transfoma kwenye hesabu yako. Valvu nazo huchakaa, na za mwisho hubadilishwa kwa seti.

Ukiijaribu, hakikisha spika imeunganishwa. Amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika huweza kuunguza transfoma yake ya kutolea sauti, na muuzaji atakudai.