Fibrinojeni: Protini Inayofuma Bonge la Damu

Damu itembeayo mishipani hubeba kizibo chake yenyewe, kikiwa kimeyeyuka. Kizibo hicho ni fibrinojeni, protini inayotengenezwa na ini. Mshipa unapochanika, chembe sahani hujikusanya penye jeraha. Kisha kimeng'enya kiitwacho thrombini huikata fibrinojeni na kuigeuza kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo husukana kama wavu, zikanasa chembe za damu na kufanya bonge imara.

Kwa kawaida, lita moja ya plazma ya mtu mzima huwa na gramu 2 hadi 4 za fibrinojeni. Mjamzito anapokaribia kujifungua, kiwango hupanda hadi takriban gramu 4 hadi 6, kana kwamba mwili unajiwekea akiba. Ndiyo maana jibu la gramu 2, ambalo halimtishi mtu mwingine, ni ishara ya hatari kwa mzazi anayevuja damu.

Pasipo na kipimo hicho, kipo kipimo cha kando ya kitanda. Mililita 2 za damu ya vena hutiwa katika kichupa kidogo cha kioo, kikavu na safi, kisha hufumbatwa kiganjani kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 kichupa huinamishwa taratibu, na kurudiwa kila dakika. Ikiwa dakika 7 zimepita bila damu kuganda, au bonge ni laini na linavunjika kwa urahisi, yaelekea mgandisho wa damu umeharibika.

Hapo maji ya dripu peke yake hayatoshi, kwani yakizidi huizimua damu. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa mshipa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, huzuia nyuzi zisiyeyushwe, lakini hairudishi fibrinojeni iliyopotea. Hiyo hurudishwa kwa plazma au kriopresipiteti, huku chanzo cha kuvuja kikitibiwa na rufaa ikiandaliwa bila kukawia.

Mjamzito naye ana sehemu yake. Aliyewahi kuvuja damu kupita kiasi alipong'olewa jino au katika uzazi uliopita, au mwenye ugonjwa wa ini, na aliseme hilo kliniki mapema. Wapo wanaozaliwa na fibrinojeni haba, na taarifa hiyo huwapa wahudumu nafasi ya kutafuta damu kabla haijahitajika.