Ngoma ya Mnyoo Kwenye Kioo cha Ultrasaundi

Mwanamume wa Kyela hahitaji kuelezwa busha ni nini. Kuanzia Ipinda hadi Itungi, mashamba ya mpunga hujaa maji kila masika, na mbu hawahitaji zaidi ya hapo. Mbu hao ndio wanaobeba vimelea vya matende na mabusha, minyoo ya jamii ya filaria iitwayo Wuchereria bancrofti, kutoka damu ya mtu mmoja hadi ya mwingine. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga nchini Malawi, ugonjwa ulikuwa huohuo.

Kilichowasumbua waganga kwa miaka mingi ni swali linaloonekana dogo: mnyoo mzazi yuko wapi, na yu hai au amekufa? Watoto wake huonekana kwa darubini katika tone la damu, tena usiku, kati ya saa 4 na saa 8, ndiyo maana wapimaji walikuwa wakigonga milango ya watu waliokwisha kulala. Wazazi wenyewe hawatoki. Wamejificha ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwilini kwenye damu, na kwa wanaume hupendelea ile ya mfuko wa korodani. Jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10, lakini unene wake ni kama robo milimita tu. Kumwona ilibidi upasue.

Mwaka 1994 watafiti wa Recife, Brazil, walitangaza kwamba wamemwona bila kisu. Walitumia ultrasaundi, mashine ileile inayotazama mimba: inatuma sauti ya juu mno ambayo sikio haliipati, inapokea mwangwi unaorudi kutoka kila tabaka la mwili, kisha inauchora kwenye kioo. Mshipa wa limfu uliotanuka huonekana mweusi kwa sababu umejaa maji. Ndani ya weusi huo vilionekana vijiuzi vyeupe vikijipinda na kujinyonga bila kutulia, wala havifuati mapigo ya moyo wala pumzi ya mgonjwa. Wataalamu wakauita mchezo huo ngoma ya filaria. Ukiwasha dopla, ambayo hupima mwendo, damu huonyesha mawimbi yanayopanda na kushuka kwa mpangilio. Mnyoo yeye hana mpangilio wowote.

Kinachoamua utaona nini ni urefu wa wimbi la sauti. Wavuvi wa Matema wanajua kwamba wavu wa macho makubwa haukamati usipa, wale samaki wadogo, na sauti nayo ni hivyohivyo. Kwa megahezi 7.5, wimbi lina urefu wa milimita 0.2 hivi, na hapo mnyoo wa robo milimita ananaswa kwa shida shida. Ukipandisha hadi megahezi 40 wimbi linashuka chini ya milimita 0.04, lakini sauti hiyo haifiki mbali. Ndani ya nyama huishia sentimita moja au mbili.

Kwa panya, sentimita moja inatosha. Ndiyo maana mashine za aina hii zimewafaa sana wanaochunguza ugonjwa wa ateri. Panya wa kawaida haugui ugonjwa huo kirahisi, hivyo mwaka 1992 wanasayansi walizalisha panya wasio na jeni ya ApoE. Lehemu yao hupanda na mafuta huganda kwenye kuta za mishipa. Mshipa mkuu wa panya una upana wa milimita moja hivi, na moyo wake hupiga zaidi ya mara 500 kwa dakika. Zamani, ili kujua ugonjwa umefikia wapi, waliuawa kadhaa kila baada ya muda, na uliyempima leo hakuwa yule wa mwezi uliopita. Siku hizi unamtazama panya yuleyule, ateri ileile, tangu ukuta ulipoanza kunenepa. Mimi naona hilo ndilo kubwa kuliko uzuri wa picha.

Kwenye filaria faida ni hiyohiyo. Watu wa Recife waligundua kwamba viota vya minyoo havihami. Mtaalamu akirudi baada ya miezi anakikuta kiota palepale. Wakawapa wagonjwa ivermektini, hata kwa dozi kubwa, wakarudi kutazama. Ngoma ilikuwa inaendelea. Kwa hiyo dawa za kingatiba zinazomezwa kila mwaka husafisha damu ili mbu asipate cha kubeba, ila mzazi hubaki hai kwa miaka. Anayemeza mara moja na kusema amepona amejidanganya.

Dawa ya kumuua mzazi ilianzia maabara. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba mnyoo jamaa wa filaria, anayeishi ndani ya panya, anategemea bakteria waitwao Wolbachia. Ukiwaua kwa tetrasaiklini, mnyoo anakuwa tasa. Ila Wuchereria hakui ndani ya panya, hivyo jaribio la mwisho lilihitaji watu. Lilifanyika Kimang'a, wilayani Pangani: wanaume 72, wengine wakimeza doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki 8, wengine dawa bandia. Baada ya miezi 14 ultrasaundi ilikuta minyoo hai kwa wanaume 6 kati ya 27 waliopimwa kwenye kundi la dawa, na kwa 24 kati ya 27 kwenye kundi jingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005.

Huku kwetu uhai wa mnyoo una uzito wa ziada. Watafiti wa NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) Mbeya na wenzao wa Munich waliwafuatilia watu wa Kyela kati ya 2006 na 2011, na mwaka 2016 jarida la Lancet likachapisha kwamba wenye filaria waliambukizwa VVU kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasio nayo.

Doksisaiklini haigawiwi kijiji kizima, maana haiwafai wajawazito wala watoto wadogo, na wiki 8 ni nyingi kwa mtu mwenye shamba. Ultrasaundi nayo ina upendeleo wake. Kwa mwanamume kiota kiko karibu na ngozi. Kwa mwanamke ni nadra kukipata, hata mguu wake ukiwa umevimba kwa matende. Huyo bado hupimwa kwa damu ya kidole, na hakuna kioo kinachomwambia kama mnyoo wake amekufa.