Muziki waweza kumfaa mgonjwa wa akili, lakini dawa zisitupwe

Pengine unamjua mtoto wa jirani ambaye ukimwita kwa jina hageuki. Hachezi na wenzake, hapendi kushikwa, na yale maneno machache aliyoanza kuyatamka alipokuwa na mwaka mmoja unusu yamepotea. Lakini ngoma ikipigwa kanisani, au mama yake akianza kuimba huku akifua nguo, mtoto huyo huacha alilokuwa akilifanya, akatulia na kusikiliza. Majirani nao hawakosi la kusema. Huyu atadai mtoto ana mapepo, yule atasema, "Mwacheni, atazungumza wakati wake ukifika."

Kisa kama hiki si kigeni katika mtaa kama Murera, kule kati ya Ruiru na Thika, ambako mashamba ya kahawa yamekuwa yakigawanywa ploti na nyumba za kupanga kusongamana ukuta kwa ukuta. Katika nyumba za aina hiyo ni vigumu kumficha mgonjwa, ingawa wapo wanaojaribu. Jambo moja halikosekani katika mitaa yetu, nalo ni muziki. Umo ndani ya matatu, umo kwa kinyozi, umo makanisani kila Jumapili. Je, muziki huo waweza kumsaidia mtoto yule, au ndugu yako anayeugua akili?

Wataalamu wanajibu kwamba waweza, mradi utumiwe kwa utaratibu na usichukue nafasi ya matibabu mengine. Makala haya yanakueleza namna unavyofanya kazi na mahali uwezo wake unapokomea, ili usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tiba ya muziki ni nini?

Kumfungulia mgonjwa redio si tiba ya muziki, ingawa huenda kukamchangamsha. Tiba ya muziki hufanywa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Kwanza humchunguza mgonjwa na kuzungumza na jamaa zake. Kisha huweka lengo linaloweza kupimwa, mathalani mtoto aweze kungoja zamu yake, amtazame mwenzake usoni, au aombe maji kwa neno badala ya kupiga mayowe. Baada ya hapo hutumia sauti, ngoma ndogo, kayamba, gita au kinanda kulifikia lengo hilo, na kila baada ya muda hupima kama kuna mabadiliko.

Utaona basi kwamba shabaha si kumfanya mgonjwa awe mwimbaji. Si lazima awe na kipaji wala sauti nzuri. Wengine hupiga chombo pamoja na mtaalamu, wengine hutunga nyimbo zao wenyewe, na wengine husikiliza tu kisha wakazungumzia yale waliyoyahisi.

Taaluma hii ilishika mizizi Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na miaka iliyofuata. Wanamuziki walikuwa wakienda hospitalini kuwaburudisha askari waliojeruhiwa mwili na akili, na madaktari wakaona kwamba baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Iligunduliwa upesi kwamba kujua kupiga chombo hakutoshi, na mwaka 1944 mafunzo ya kwanza ya chuo kikuu yakaanzishwa Michigan. Huko Uingereza, mcheza sello Juliette Alvin aliunda chama cha tiba hiyo mwaka 1958. Mwaka uliofuata Paul Nordoff na Clive Robbins walianza kazi yao mashuhuri ya kupiga muziki pamoja na watoto wenye ulemavu.

Lakini usidhani kwamba jambo hili ni la wageni. Ukambani kuna kilumi, ngoma ambayo tangu zamani ilichezwa pia kwa ajili ya wagonjwa. Pwani kuna ngoma za pepo. Mtaalamu John Janzen, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, alionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati na Kusini neno "ngoma" lina maana ya chombo, mchezo na uganga kwa pamoja. Tofauti ni kwamba mganga huanza na pepo, naye mtaalamu wa hospitali huanza na uchunguzi na kuishia na vipimo. Hata hivyo, kuna funzo katika desturi hizo za kale: mgonjwa hakuachwa chumbani peke yake. Watu walimzunguka, wakaitikia.

Unafanyaje kazi?

Mfikirie tena mtoto yule asiyegeuka akiitwa. Huenda ana usonji, hali ambayo wengine huiita tawahudi, inayoathiri jinsi mtu anavyowasiliana na wenzake tangu utotoni. Anagonga meza mara mbili. Mtaalamu naye anagonga mara mbili. Mtoto anagonga mara tatu, anajibiwa mara tatu. Punde anatambua kwamba kuna mtu upande wa pili, na kwamba mtu huyo anamsikia. Hayo tayari ni mazungumzo, ila hayana maneno. Kungoja zamu, kusikiliza na kujibu ndiyo misingi ya lugha yenyewe.

Pili, mdundo hukujulisha linalokuja. Mtoto anayebabaishwa na mambo ya ghafla hupata utulivu anapojua kwamba baada ya hili litafuata lile. Wimbo aliouzoea ukikatizwa kabla ya neno la mwisho, yeye mwenyewe huvutwa kulimalizia. Hata watoto wenye mtindio wa ubongo, au wale waliozaliwa na hali ya Down, mara nyingi hujizoeza mikono na miguu kwa urahisi zaidi wakifuata mdundo, kwa sababu katika ubongo sehemu zinazoshughulikia mdundo zina uhusiano wa karibu na zile zinazoongoza viungo. Ndiyo sababu mguu wako hucheza wenyewe ukisikia wimbo uupendao.

Kwa mtu mzima aliyezama katika sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kuzungumza huwa ni mzigo. Ukimwuliza ana nini, atakuambia hana kitu. Lakini huenda akaweza kuchagua wimbo, au kupiga ngoma polepole, na kutoka hapo akapata pa kuanzia kueleza yaliyomo moyoni.

Mgonjwa wa skizofrenia naye husikia sauti zisizosikiwa na wengine, au huamini mambo yasiyokuwapo. Dawa zaweza kupunguza hayo. Mara nyingi, hata hivyo, hubaki na uzito mwingine: hana hamu ya lolote, uso haumchangamki, anajitenga na watu. Hapa ndipo kupiga muziki katika kikundi kunapoweza kumrudisha taratibu miongoni mwa wenzake.

Utafiti unasemaje?

Huko Finland, watafiti waliwachunguza watu 79 wenye sonona na kutoa matokeo yao mwaka 2011. Waliopewa tiba ya muziki pamoja na matibabu ya kawaida walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 3 kuliko waliopewa matibabu ya kawaida pekee. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima ushahidi wa tiba mbalimbali, lilikusanya tafiti 9 za sonona zilizohusisha watu 421, likafikia uamuzi kama huo kwa muda mfupi. Mwaka huo huo lilipima tafiti 18 za skizofrenia na magonjwa yanayofanana nayo, zenye watu 1,215, likaona kwamba muziki ukiongezwa juu ya matibabu ya kawaida huleta manufaa. Manufaa hayo yalitegemea idadi ya vikao na ubora wake. Kikao kimoja au viwili havitoshi.

Kuhusu usonji, habari ni mchanganyiko, na ni vizuri uzijue zote. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2017, uliohusisha watoto 364 katika nchi 9, uligundua kwamba miezi 5 ya kupiga muziki na mtaalamu haikupunguza dalili kuu za usonji kuliko huduma za kawaida. Mwaka 2022 Cochrane ilijumlisha tafiti 26 zenye watu 1,165, ikasema kwamba huenda tiba hiyo ikaboresha hali ya mtoto kwa jumla na maisha yake, lakini haikupata ushahidi wa wazi kwamba anaanza kuzungumza au kuchangamana na watu zaidi kuliko wengine.

Maana yake ni nini kwako wewe mzazi? Ni kwamba muziki waweza kumpa mtoto wako furaha, utulivu na njia ya kukutana nawe. Haumwondolei usonji. Yeyote anayekuahidi kwamba baada ya vikao kadhaa mtoto "atapona kabisa" anakudanganya.

Jihadhari na haya

Hatari iliyo kubwa ni kuacha dawa. Mgonjwa akionekana ametulia kwa nyimbo, au akiombewa kwa kuimbiwa, jamaa hufurahi na kuona gharama ya vidonge haina haja tena. Baada ya wiki au miezi ugonjwa hurudi, pengine kwa nguvu zaidi. Dawa hupunguzwa au kuachishwa na daktari peke yake.

Pili, kelele si tiba. Watoto wengi wenye usonji huumizwa na sauti kubwa. Spika inayowachangamsha abiria wa matatu yaweza kumtesa mtoto huyo hadi ajipige. Akiziba masikio, zima au mwondoe mahali hapo.

Tatu, wimbo hubeba kumbukumbu. Ule ulioimbwa kwenye mazishi unaweza kumzamisha zaidi mtu mwenye sonona. Mwache achague mwenyewe.

Uanzie wapi?

Wataalamu waliosomea tiba ya muziki ni wachache mno nchini, kwa hivyo usianze kwa kuwatafuta wao. Anza kwa kujua ugonjwa au hali yenyewe. Mkazi wa Murera hayuko mbali na hospitali za serikali za Ruiru na Thika, ambako anaweza kuomba kuelekezwa kwa mhudumu wa magonjwa ya akili. Ukifuata barabara ya Thika kuelekea Nairobi utaikuta Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 huko Kasarani, ambako watoto hufanyiwa tathmini. Mbele zaidi iko Hospitali ya Mathari, ambayo imewahudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910. Wizara ya Elimu nayo ina vituo vya kuwatathmini watoto wenye ulemavu, vilivyoanza mwaka 1984. Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 inazitaka pia serikali za kaunti kutoa huduma hizi, kwa hivyo usione haya kuziuliza.

Akitokea mtu anayesema anatibu kwa muziki, mwulize maswali matatu kabla ya kutoa hata shilingi: Umesomea wapi? Lengo lako kwa mgonjwa huyu ni lipi, nasi tutajuaje limefikiwa? Je, uko tayari kuzungumza na daktari wake? Akikwepa mojawapo, shika njia yako.

Wakati huo huo, yako mambo unayoweza kuyafanya nyumbani bila gharama. Hayo si tiba kamili, lakini hayana madhara yakifanywa kwa upole.

Tenga dakika chache kila siku, saa ile ile. Zima runinga. Keti sakafuni mkabala na mtoto, ukiwa na sufuria na mwiko, au mkebe wenye maharagwe. Mwache aanze yeye, nawe umjibu. Usimshike mkono kumlazimisha.

Uwe na wimbo mmoja wa kuoga, mwingine wa kula na mwingine wa kulala, wala usiubadilishebadilishe. Uimbe kwa lugha mnayoitumia nyumbani. Akishauzoea, nyamaza kabla ya neno la mwisho, hesabu moyoni hadi kumi, umtazame. Akitoa sauti yoyote, mpokee kwa furaha.

Kwa ndugu mtu mzima, mwulize angependa kusikiliza nini, kisha keti naye msikilize pamoja. Ikiwa alikuwa mwanakwaya kabla ya kuugua, zungumza na mwalimu wa kwaya arudishwe, hata kama ataketi nyuma na kayamba bila kuimba. Shule maalum zimetambua faida ya kumpa kila mtu nafasi: wanafunzi wenye ulemavu hushiriki katika Tamasha za Muziki za Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927. Kwaya ya mtaani haina sababu ya kushindwa na jambo hilo.

Mwisho, nunua daftari. Andika tarehe, wimbo mliouimba, na alilolifanya mgonjwa: alitabasamu, aliziba masikio, alilala mapema, alitamka silabi moja. Siku ya kliniki, libebe pamoja na kadi ya hospitali. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache tu kwa mwezi, lakini wewe uko naye kila siku, na yaliyomo katika daftari hilo hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kumwonyesha.