Njia ya Udaktari Marekani (2): Shahada ya Kwanza Iwe ya Nini?

Juma lililopita tulieleza kwamba Marekani mwanafunzi haingii udaktari akitoka sekondari, kama afanyavyo wa tahasusi ya PCB anayekwenda Muhimbili. Kwa kawaida humaliza kwanza shahada ya miaka minne, ndipo aanze shule ya udaktari, nayo ni minne mingine. Wazazi wenye watoto huko huuliza: hiyo ya kwanza iwe ya nini? Jibu la harakaharaka ni biolojia, na zaidi ya nusu ya waombaji wametoka upande huo. Mimi naona biolojia imfae anayeipenda, mwingine asijilazimishe.

Shule zenyewe hazidai shahada ya somo fulani. Nyingi hutaka mwaka mmoja mmoja wa biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni na fizikia, pamoja na maabara zake, na siku hizi biokemia pia. Anayesomea historia anaweza kuyachukua yote hayo. Kisha upo mtihani wa MCAT, wenye sehemu nne. Tangu 2015 moja ni ya saikolojia na sosholojia, na nyingine haiulizi sayansi hata chembe: mtahiniwa hupewa vifungu vya falsafa, sanaa au maadili, akajibu maswali 53 kwa dakika 90 kuhusu hoja za waandishi. Hapo kukariri hakusaidii. Tena shule ya udaktari ya Mount Sinai, New York, ilianza mwaka 1987 kupokea wanafunzi wa fasihi na sanaa bila kuwadai MCAT, fizikia wala kemia ya kaboni. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha kuwa alama zao katika mtihani wa kwanza wa leseni zilikuwa chini kidogo, lakini wodini hawakuachwa nyuma na wenzao.

Atasema mtu kwamba aliyesoma biolojia huanza udaktari akiwa mbele. Kweli, kwa miezi ya mwanzo. Lakini kozi moja ya fiziolojia ikiongezwa, pengo hilo hupungua sana. Wala nisieleweke kwamba falsafa ni njia ya mkato. Wanaoomba kutoka huko ni wachache na wamejichuja wenyewe, kwa hiyo wakifaulu vizuri tusiipe sifa shahada yao peke yake.

Hoja nzito zaidi ni ya anayekosa. Katika miaka ya karibuni, zaidi ya nusu ya waombaji wa shule za M.D. hukosa nafasi kila mwaka. Barua ya kukataliwa ikifika, kinachobaki mkononi ni ile shahada, na biolojia tupu mara nyingi humfikisha mtu kwenye kazi ya msaidizi wa maabara yenye ujira mdogo. Takwimu, uuguzi au uhandisi humpa pa kushika. Uhandisi una bei yake, maana ni mgumu, na wastani wa alama za sayansi na hisabati hukokotolewa peke yake kwenye maombi, asiyeumudu atajiharibia. Kwa kijana wa Dar es Salaam au Mombasa aliyeko huko kwa viza ya masomo, hesabu ni kali zaidi: shule nyingi hazipokei kabisa asiye raia au mkazi wa kudumu. Huyo aichague shahada yake kana kwamba nafasi ya udaktari haitapatikana, na masomo ya sayansi yanayodaiwa ayachukue pembeni.

(Itaendelea)