Shona, Usigundishe: Daftari la Rangi za Maji kwa Hewa ya Pwani

Anayechora kwa rangi za maji hapa Bongwe, Kwale, hupambana na kitu ambacho mwenzake wa Nairobi hakimsumbui sana, nacho ni hewa. Bahari ya Diani haiko mbali. Masika yakiingia, unyevu wa hewani hupita asilimia 70 na kudumu hivyo kwa majuma, na katika hali hiyo kuvu huota juu ya karatasi bila kungoja tone la mvua. Daftari la dukani likikaa kabatini msimu mmoja hutoka na madoa ya kahawia, mgongo umeanza kuachia kurasa, na kama lilibanwa kwa pini za stapla, pini zimeshika kutu na kutu imehamia kwenye picha. Daftari lenyewe huenda lilikuwa zuri. Lilitengenezewa hewa nyingine.

Ushauri wangu kwa mchoraji wa Pwani, awe mwanafunzi au mtu mzima anayechora baada ya kazi, ni ajitengenezee daftari lake nyumbani: liwe dogo, la karatasi anayoijua, na alishone kwa uzi bila kutia gundi mgongoni. Kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji sindano, uzi, rula, mbao mbili nyembamba na mchana mmoja wa utulivu.

Karatasi kwanza

Karatasi ya fotokopi ina uzito wa takriban gramu 80 kwa mita mraba. Ukiipaka maji hujikunja papo hapo. Manila ya chati za shuleni ni nene zaidi, lakini haikutengenezwa kustahimili maji: hunywa rangi, uso wake hunyanyuka vinyweleo, na brashi ikipita mara ya tatu huanza kuchunika. Karatasi ya rangi za maji yenye gramu 300 kwa mita mraba hubaki imetulia hata ukiipaka maji ya kutosha. Ya gramu 180 au 200 inafaa kwa michoro ya haraka yenye maji machache.

Uzito peke yake hautoshi. Uliza imetengenezwa kwa nini. Ya pamba tupu ndiyo imara zaidi na ndiyo ghali zaidi. Ya mbao ni nafuu, ila hakikisha imeandikwa kwamba haina asidi, la sivyo itageuka manjano na kukatika kadiri miaka inavyopita.

Jambo la tatu ni muhimu kuliko yote kwa sisi wa Pwani, na wauzaji wengi hawalitaji. Karatasi ya rangi za maji hutiwa kinga kiwandani, mara nyingi jelatini, ili maji yasizame mara moja. Kinga hiyo ndiyo inayompa mchoraji nafasi ya kuisogeza rangi, kuichanganya na nyingine, au kuinyanyua kwa brashi safi kabla haijakauka. Karatasi ikikaa muda mrefu kwenye unyevu, kinga huoza taratibu. Kwa macho karatasi bado ni nyeupe na nzuri, lakini ukipaka rangi inazama, na vidoadoa vyeusi vinajitokeza pale kinga ilipokufa. Hakuna ufundi wa brashi unaoweza kuokoa ukurasa wa namna hiyo.

Kwa hiyo ijaribu kabla ya kuikata. Dondoshea pembeni tone moja la maji. Tone likikaa juu limejikusanya, karatasi ni nzima. Likitandaa na kuzama huku unaliangalia, iache karatasi hiyo iwe ya kujaribia rangi au ya kuchorea penseli. Na usinunue shehena ya kuweka. Nunua ya daftari moja au mawili, hasa Januari na Februari wakati wa kaskazi mvua zinapokuwa chache, uikate na kuishona mapema. Msomaji anayejali asili ya jelatini, kwa kuwa hutokana na wanyama, atapata viwanda vinavyotumia kinga isiyotokana na mnyama. Asome maelezo kwenye karatasi ya juu au amuulize muuzaji.

Kununua karatasi ya ng'ambo na kuifanyia kazi kwa mikono yetu si jambo geni Pwani. Katika karne ya 18 na ya 19, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika kwa wanakili wa Kurani na kwa mafundi wa kujalidi vitabu kwa ngozi. Karatasi nyingi waliyotumia ilitoka Italia kwa njia ya bahari. Ukiinua ukurasa wa miswada ya namna hiyo kuelekea kwenye mwanga huona alama za mwezi mwandamo zilizoachwa na kiwanda ndani ya karatasi. Italia ina mji wa Fabriano, ambako karatasi imetengenezwa tangu karne ya 13, na mpaka leo wachoraji wa rangi za maji duniani kote huagiza karatasi ya huko. Karatasi ilivuka bahari, lakini wino, nakshi, mshono na jalada vilikuwa vya hapa.

Nyuzi zilizojificha

Karatasi iliyotoka kwenye mashine ina mwelekeo wa nyuzi, sawa na ubao. Ukiikunja kufuata nyuzi, inakubali kwa ulaini. Ukiikunja kukata nyuzi, inagoma na mkunjo unapasuka. Katika daftari, nyuzi lazima zielekee sambamba na mgongo. Zikikaa kinyume, kurasa hazilali zikifunguliwa, na zikipata unyevu hujipinda zikivutana na mshono.

Kuujua mwelekeo huo ni rahisi. Shika karatasi nzima kwa mikono miwili, ipinde taratibu upande mmoja bila kuivunja, kisha upande wa pili. Upande uliopindika kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Ukiwa na shaka, kata kipande kidogo cha mraba, loweka uso mmoja na ukiache. Kitajiviringa kama bomba, na urefu wa bomba ndio mwelekeo wa nyuzi.

Karatasi kubwa ya kawaida ya rangi za maji ina sentimita 56 kwa 76. Nyuzi zikiwa zimefuata upande wa 76, hesabu inakaa sawasawa: gawa upande wa 56 mara mbili na upande wa 76 mara nne, upate vipande 8 vya sentimita 28 kwa 19. Kila kipande kikikunjwa katikati kinatoa kurasa nne za sentimita 14 kwa 19. Ingiza kipande kimoja ndani ya kingine, mbilimbili, na utakuwa na mafungu manne. Kwa karatasi ya gramu 300 usizidishe vipande viwili kwa fungu, maana unene utasukuma kurasa za ndani zitokeze nje. Karatasi moja kubwa imekupa daftari la kurasa 32.

Badala ya kukata kwa wembe unaweza kuchana. Kunja, sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko mpaka ukolee, geuza na ukunje upande wa pili, kisha bana kwa rula na uvute. Ukingo utatoka na manyoya laini, nao huvutia zaidi kuliko uliokatwa.

Kwa nini uzi

Gundi ina matatizo yake hapa kwetu. Gundi ya uji wa ngano au wanga wa muhogo hushika vizuri, ila huwavuta mende na wadudu walao karatasi, na kwenye unyevu huota kuvu. Gundi nyeupe ya seremala hukawia kukauka wakati wa masika, na daftari likiachwa ndani ya gari juani, hulainika. Zaidi ya hayo, mgongo uliogundishwa haufunguki ukalala. Katikati pananyanyuka, na anayetaka kuchora ufuo wote wa Diani kwenye kurasa mbili anapata bonde ambamo rangi inatuama.

Dawa yake ni mshono wa mnyororo. Huu ni mshono wa kale mno. Wakristo wa Misri waliutumia, na Ethiopia hadi leo kuna mafundi wanaoshona vitabu vya ngozi kwa njia hiyo na kuvibana kati ya mbao mbili. Ethiopia ni nchi inayojua kutunza kitabu. Katika monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa kuna Injili ambazo vipimo vya kaboni vimeonyesha ngozi yake ni ya kati ya mwaka 330 na 650. Katika mshono wa mnyororo kila fungu hushikana na fungu lililo chini yake kwa vitanzi vya uzi. Mgongo unabaki wazi, hewa inapita, na daftari hufunguka likalala kabisa mezani au mapajani.

Vifaa

Majalada ni mbao mbili za plaiwudi ya milimita 3, ukubwa wa sentimita 14 kwa 19. Karakana yoyote ya seremala Ukunda ina masalio ya aina hiyo. Zipige msasa, zipake vanishi pande zote pamoja na kingo, na uziache mpaka harufu iishe. Usitumie boksi la katoni lenye mawimbi ndani, maana linavuta unyevu na wadudu hujificha mle mle. Ubao una faida ya ziada: ukiwa shambani au ufukweni, ndio meza yako.

Uzi mzuri ni wa kitani. Ukikosekana, tumia uzi mzito wa pamba, usiwe wa nailoni. Mshipi wa kuvulia samaki ni imara, lakini unateleza kwenye fundo na unakata karatasi. Pitisha uzi juu ya nta ya nyuki mara mbili tatu. Kama huna nta, kipande cha mshumaa kitasaidia. Nta huzuia uzi kujisokota na huukinga na unyevu. Mita moja na nusu inatosha daftari hili.

Kushona

Pima matundu manne kwenye mkunjo wa kila fungu: sentimita 1.5, 6.8, 12.2 na 17.5 kutoka juu. Pima mara moja tu kwenye ukanda wa karatasi, kisha utumie ukanda huo kwa mafungu yote, ili matundu yasipishane. Toboa kutokea ndani kwa sindano. Kwenye kila ubao toboa matundu manne kwa kipimo hichohicho, sentimita moja kutoka ukingo wa mgongo.

Weka fungu la kwanza juu ya ubao wa chini. Ingiza sindano kutoka ndani ya fungu, tundu la kwanza, uache mkia wa uzi wa kufungia. Ukishatoka nje, zungusha uzi chini ya ubao, upande kupitia tundu lake, utokee kati ya ubao na fungu. Pitisha sindano nyuma ya uzi wenyewe mara moja, kisha urudi ndani kwa tundu lile lile ulilotokea. Funga fundo na ule mkia. Nenda tundu la pili kwa ndani, ufanye vivyo hivyo, kisha la tatu. La nne ukishalizungushia ubao, usirudi ndani ya fungu la kwanza. Weka fungu la pili juu yake na uingie tundu lake la nne.

Kuanzia hapa mwendo ni mmoja: toka tundu linalofuata, pitisha sindano nyuma ya mshono ulio chini yake, rudi tundu lile lile. Ukifika mwisho, panda fungu linalofuata. Fungu la nne hushonwa pamoja na ubao wa juu. Kabla ya kuliingia, pandisha uzi kwanza kwenye ubao, na kila tundu utakalotokea baada ya hapo, ushike mshono wa chini, uzungushe ubao, ndipo urudi ndani. Maliza kwa fundo ndani ya fungu.

Siri ya mkono ni namna ya kuvuta. Vuta uzi kufuata mkunjo, kuelekea upande unaoshona. Ukivuta kuja kwako, karatasi itachanika matundu. Kaza kila mshono kabla ya kuhamia mwingine, kwa kuwa uliolegea haukaziki tena baadaye.

Kulitumia na kulitunza

Ukurasa wa kwanza na wa mwisho usichore kitu cha kudumu, kwa kuwa ubao una asidi inayoweza kuchafua karatasi inayougusa. Ukipaka rangi, bana kurasa kwa vibanio vya plastiki vya kuanikia nguo, kwa sababu vya chuma hushika kutu. Usilifunge daftari mpaka ukurasa ukauke kabisa. Hapa kwetu hilo huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyodhani: uguse kwa mgongo wa mkono, na ukihisi ubaridi, bado una maji. Ukifika nyumbani lihifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Safarini lifunge kwa kipande cha leso.

Mambo ya kuchora hayatakupungukia. Joy Adamson, aliyefika Kenya mwaka 1937, alichora kwa rangi za maji maua ya nchi hii na baadaye watu wa makabila yake, na picha nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Kwale inastahili kazi kama hiyo ikifanywa na wenyeji wake. Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ukitaka kuchora humo, waombe ruhusa wazee na ufuate masharti yao. Kuna Msikiti wa Kongo na mibuyu yake, kuna mikoko ya Gazi, kuna mbega juu ya miti ya Diani. Anayechora jani hulazimika kuhesabu mishipa yake, na mtu akishalijua jani kwa namna hiyo, ataujali hata mti wake ukitaka kukatwa.

Ombi langu la mwisho: ndani ya jalada la nyuma andika tarehe uliyoshona, aina ya karatasi, uzito wake, ulipoinunua na uzi uliotumia. Masika yakipita, ongeza mstari mmoja kueleza karatasi ilivyostahimili. Usome maandishi hayo kabla hujanunua karatasi ya daftari linalofuata, na umpe mwenzako wa jirani naye ayasome, kwa sababu karatasi inayofaa hewa ya Bongwe tutaijua kwa kuandikiana tulichokiona.