Katuni iliyotufikisha kwa bibi Ifakara

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu umeme ulirudi saa 12 jioni, na kwa kuwa nilikuwa nimewaahidi watoto, tukakaa wote wanne mbele ya runinga na bakuli la bisi. Filamu aliichagua binti yangu wa miaka tisa. Alivutiwa na picha ya nyumba inayopaa angani kwa maputo. Mimi nilijua ni katuni ya kuchekesha, nitatazama kidogo kisha nijisinzilie.

Sikusinzia. Filamu ile inaitwa Up, ilitengenezwa na Pixar mwaka 2009, na mwanzo wake tu ulinitoa machozi mbele ya wanangu.

Kama hujaiona, kisa chenyewe kiko hivi. Carl na Ellie wanafahamiana wakiwa watoto, na wote wawili wana ndoto ya kufika kwenye maporomoko ya maji yaliyo mbali sana, Amerika ya Kusini. Wanakua, wanaoana, wanaanza kuweka sarafu kwenye chupa kwa ajili ya safari hiyo. Chupa ikikaribia kujaa, gari linapasuka tairi. Wanaivunja. Wanaanza upya, Carl anavunjika mguu. Wanaivunja tena. Mara mti unaangukia paa. Miaka inakwenda, nywele zinakuwa nyeupe, na siku Carl anapokumbuka na kukata tiketi, Ellie ameshakuwa mgonjwa. Anafariki dunia bila kufika.

Yote hayo yanapita kwa dakika chache, karibu bila neno kusemwa.

Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama. Juu ya kabati letu kuna kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko, ndicho kibubu chetu. Tumeshakifungua mara tatu. Mara ya kwanza kwa sare na madaftari, mara ya pili pampu ya maji ilipoungua, mara ya tatu mdogo aliposhikwa na homa usiku tukakodi gari kwenda hospitali. Kila mara tulisema maneno yale yale, kwamba tutakwenda mwakani.

Kwenda wapi? Si Amerika ya Kusini. Ni Ifakara, kwa mama yangu. Tulikuwa hatujafika kwa miaka minne. Mwanangu wa pili, ambaye sasa ana miaka mitano, tulimpeleka akiwa mgongoni na hakumbuki chochote. Kwake yeye mama yangu ni "bibi wa kwenye simu". Dada yake anakumbuka bata mmoja aliyemkimbiza, basi. Na mama yangu kwa mwaka mzima uliopita alikuwa akiniambia kwamba macho yanaanza kumsaliti, anawatambua watu kwa sauti.

Filamu ilipokwisha, binti yangu aliuliza, "Mama, na sisi tutachelewa kama yule babu?"

Swali hilo lilinifanya nikalala usiku sana siku ile.

Wengi wetu tuliokulia mijini miaka ya tisini tulianza kuijua dunia kwenye kibanda umiza, juu ya benchi la mbao, kwa sauti ya Lufufu akitutafsiria sinema za Hong Kong. Hatukuwa na pasipoti wala nauli ya kufika hata Chalinze, lakini tulijua kwamba kuna nchi yenye milima ya mawe na mahekalu. Kwa hiyo siwashangai wazazi wanaosema filamu zinawafungua watoto macho. Ninachoshangaa ni kwamba leo tuna simu janja, tuna bando, tuna kila kitu, lakini mtoto tunampa simu akae peke yake pembeni atulie. Filamu ya kumfundisha mtoto kupenda safari inafaa kutazamwa na mzazi pembeni, ili likija swali kama lile pawe na wa kuulizwa.

Turudi kwenye Up kidogo, maana nimeshaitazama mara tatu sasa. Mzee Carl, akiwa na miaka 78, anafunga maelfu ya maputo kwenye nyumba yake na kuruka nayo. Bila kujua, amembeba mtoto wa miaka minane, Russell, mnene kidogo, msemaji sana, ambaye baba yake hana muda naye. Waliotengeneza filamu hawakubuni mandhari kwa kukaa ofisini. Walisafiri mpaka Venezuela, wakapanda milima yenye vilele bapa kama meza. Maporomoko ya kwenye filamu yametokana na maporomoko ya Angel, yenye urefu wa mita 979, marefu kuliko yote duniani. Nilipomwonyesha binti yangu picha zake halisi hakuamini. Alidhani ni ya kuchorwa tu.

Kinachonipendeza zaidi kipo karibu na mwisho. Carl anafungua kitabu ambacho Ellie alikuwa ametenga kurasa za safari zao kubwa. Alidhani ni kitupu. Anakuta mkewe alikijaza picha za maisha yao ya kila siku, wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, wakiwa matembezini, wakizeeka pamoja. Hapo ndipo mume wangu naye alipojifanya anakwenda kufunga geti.

Tahadhari moja kwa mzazi mwenzangu. Katika dakika zile za mwanzo kuna sehemu ya hospitali inayoonyesha kwamba Ellie hatapata mtoto. Haielezwi kwa maneno, na watoto wadogo hawataielewa. Lakini kama nyumbani kwako kuna jeraha la aina hiyo, itazame kwanza wewe peke yako.

Baada ya Jumamosi hiyo tukaweka utaratibu, filamu moja kila wiki mbili, na sharti ni kwamba iwe na safari ndani yake.

Iliyotugusa zaidi baada ya Up haikuwa katuni. Ni filamu ya Kifaransa ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Pascal Plisson, kwa Kiingereza inaitwa On the Way to School. Inafuata watoto wa nchi nne wakienda shule. Hakuna nyota wa sinema. Jackson ni mvulana wa Laikipia, Kenya. Kila asubuhi yeye na mdogo wake Salome wanakatiza mbuga kilomita 15 kwenda shule, na jioni 15 kurudi. Hatari kubwa njiani ni tembo. Kabla ya hapo unamwona akichimba mchanga kwa mikono atafute maji ya kufua sare yake. Zahira anashuka milima ya Atlas huko Morocco pamoja na rafiki zake, na mkobani amebeba kuku. Carlito anapanda farasi na mdogo wake huko Patagonia, Argentina. Na kule India kuna Samuel, ambaye hawezi kutembea. Ndugu zake wawili wanamsukuma kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa magurudumu, kinakwama mtoni, tairi linachomoka, nao wanacheka.

Filamu hiyo watoto wangu waliitazama bila kuomba maji wala kwenda msalani. Ilipoisha, mdogo akauliza kama Laikipia ni mbali na Ubungo. Tukatoa ramani ya dada yake ya shuleni, tukaweka kidole Dar es Salaam, tukakisogeza. Kesho yake akarudia mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano sasa anajua Morocco iko upande gani wa Afrika, jambo ambalo mimi nililijua nikiwa darasa la sita, tena kwa fimbo.

Kama una binti aliyekua kidogo, mtafutie Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair. Ni kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, msichana muuza mahindi wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyejifunza sataranji kwa kocha Robert Katende na kufika mpaka Urusi kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2010. Lupita Nyong'o anaigiza kama mama yake. Ninaipenda kwa sababu haidanganyi kuhusu kurudi. Msichana ameshalala hotelini, ameshapanda ndege, kisha anarudi kwenye chumba kinachovuja na hajui tena ajiweke wapi. Safari zina upande huo pia, na ni vizuri mtoto auone.

Moana ya mwaka 2016 wadogo wataipenda kwa nyimbo, sina la kuongeza, isipokuwa kwamba baba anayemkataza bintiye kuvuka mwamba ni mimi mtupu. Inaonyesha wanamaji wa Pasifiki wakiongozwa na nyota, na ukiwa mtu wa pwani unaweza kumwambia mwanao kwamba hata mababu zetu walikwenda na majahazi mpaka Oman, wakisubiri kaskazi na kusi zigeuke.

Ile ya Royal Tour, iliyozinduliwa mwaka 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza mwandishi wa Marekani, Peter Greenberg, ni nzuri kwa kumwonyesha mtoto kwamba nchi inayosifiwa na wageni ni ya kwake. Binti yangu aliuliza swali moja tu, kulala kwenye zile hoteli ni shilingi ngapi. Nilibadilisha mada.

Swali lake la kwanza bado lilikuwa halijajibiwa. Mwezi wa nne tukakubaliana kwamba likizo ya mwezi wa sita tunakwenda Ifakara, na kibubu hakiguswi. Tukaanzisha bahasha nyingine ya dharura, hata kama ni shilingi elfu mbili kwa wiki. Watoto walibandika ramani ukutani na kuchora njia kwa kalamu nyekundu, Dar es Salaam, Morogoro, Mikumi, Kidatu, Mang'ula, Ifakara.

Mtihani ulikuja mwezi wa tano. Friji likafa. Fundi akataja bei, na bei yake ilikuwa karibu sawa kabisa na kilichokuwa ndani ya kopo. Nakiri mimi ndiye niliyelishusha kopo kutoka juu ya kabati. Binti yangu alisimama mlangoni, hakusema kitu, alilitazama tu. Mume wangu akasema, "Tutakunywa maji ya mtungi." Tukanunua nyama ya kupika siku ile ile mpaka mwezi wa sita ulipofika. Tumeshazoea.

Sasa, kwa mzazi anayewaza kwamba hifadhi ni za wazungu, barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Ukiwa ndani ya basi la kawaida, kwa nauli ya kawaida, unaona wanyama. Tulihesabu twiga wanne, swala wengi, na tembo mmoja aliyetupa mgongo kama mtu aliyenuniwa. Basi zima lilisimama kuelekea upande wa dirisha letu. Konda akawa mwongoza watalii. Mdogo alinong'ona, "Jackson angekimbia."

Siku ya nne tulikwenda Udzungwa, ambako kuna maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kulinganisha na mgeni, na mnapanda mkiwa na mwongozaji. Njia ni ya mwinuko na inachukua saa kadhaa, haifai kwa miguu ya miaka mitano, kwa hiyo mimi na mdogo tulibaki chini tukila miwa. Mume wangu alipanda na binti yetu. Walirudi alasiri, viatu vimelowa, matope mpaka magotini. Nikamuuliza kama yanafanana na yale ya Carl.

"Yetu ni mafupi," akasema. "Lakini haya nimeyagusa."

Siku ninayoikumbuka zaidi, hata hivyo, ni ile ya kufika. Basi lilitushusha jioni, giza linaanza. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba. Harufu ya wali na kitoga ilikuwa imetanda uani. Alisikia hatua zetu akageuza shingo, na nikaona kwamba hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama pembeni yangu kidogo.

"Shikamoo bibi," binti yangu akasema.

"Marahaba, mke mwenzangu. Sogea nikushike."

Akampapasa uso, mabega, nywele, akasema amekuwa mrefu kuliko sauti yake ya kwenye simu. Kisha akauliza, "Na mume wangu yuko wapi? Au amenikimbia?"

Mdogo alikuwa amejificha nyuma ya gauni langu. Alichungulia, akamtazama sana, kisha akanivuta mkono nimwinamie.

"Mama," akaninong'oneza, "kumbe ana miguu."